Majina Mawili Yaliyorukwa

Genoveva Tsankova, ambaye mji mzima wa Vratsa unamwita Veva, ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kupanga nyuso za marehemu kwenye karatasi. Duka analofanyia kazi liko nyuma ya kituo cha mabasi, kati ya muuza maua na fundi viatu. Mtu akifiwa hufika pale na picha na maneno machache, na saa moja baadaye hutoka na matangazo ya tanzia ya kubandika mlangoni kwake, kwenye nguzo ya taa, kituoni na kanisani. Halafu hurudi. Hurudi kwa ajili ya arobaini, kwa miezi mitatu, sita na tisa, kisha kwa mwaka. Wapo wanaorudi hata mwaka wa ishirini na tano na picha ile ile, marehemu akiwa sasa kijana kuliko mwanawe.

Kazi yenyewe Veva aliipenda. Alichokichukia ni kuhesabu siku kwa kalenda na penseli. Mwaka mmoja alikosea arobaini ya mwalimu wa muziki, akaitoa siku moja kabla, na mjane akamwambia mbele ya wateja, "Kweli mama, hata akiwa amekufa unampunguzia siku?" Aibu ile ndiyo iliyomleta darasani kwangu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Sofia, nikaanza kufundisha kompyuta kila Jumamosi asubuhi katika nyumba ya kusomea ya mtaa wetu. Wanafunzi walikuwa sita, wote wakubwa kuliko mama yangu. Mzee Gancho, fundi umeme mstaafu aliyetaka kompyuta imwagilie nyanya zake, hakumwacha Veva apumue siku ile ya kwanza.

"We Veva, hao maiti wako unataka kuwafufua kwa mtambo?"

"Nikianza kufufua, wa kwanza ni mkeo. Aje aone ulivyolifanya jiko lake."

Nilianza na mzunguko. Niliwaambia kwamba skripti ni maagizo tu yaliyoandikwa kwa mpangilio, na kwamba kompyuta inaweza kurudia agizo moja kwa kila kitu kilichomo katika orodha, bila kuchoka na bila kulalamika. Nilikuwa nimeandaa mfano wa kuhesabu matofali. Veva aliinua mkono kabla sijaumaliza.

"Yaani kama kugawa ngano ya kumbukumbu makaburini," alisema. "Unaanza na aliyesimama mwanzo, unamtilia kijiko kiganjani, unakwenda kwa anayefuata, mpaka watu waishe."

"Hasa."

"Na nikimkuta mtu ambaye kiganja chake kimeshajaa?"

"Hapo ndipo linapoingia neno *kama*," nilimwambia. "Kama kiganja ni kitupu, mpe. La sivyo, mpite."

Sikuutaja tena mfano wa matofali. Wiki tatu baadaye alikuja na daftari, na ndani yake alikuwa ameandika kwa maneno ya kawaida kile alichotaka kompyuta ifanye:

*kwa kila marehemu katika orodha:*
*hesabu siku tangu alipofariki*
*kama leo ni arobaini, au miezi mitatu, au sita, au tisa, au mwaka: tayarisha tangazo*
*la sivyo: nenda kwa anayefuata*

Tuliigeuza pamoja kuwa skripti halisi. Alikosea nafasi za mwanzo wa mistari mara nne, na mara ya tano ikakubali. Kila asubuhi saa mbili, kabla hata hajavua koti, skripti ilipita majina elfu moja na mia moja na kumpangia kazi za siku. Tangu ilipoanza kuisoma orodha, yeye aliacha kuisoma.

Mwenye duka ni Dochka Mincheva. Walikaa dawati moja sekondari, na siku Veva alipoolewa na Lachezar, Dochka ndiye aliyesimama nyuma yake kanisani kushika mataji. Kwetu msimamizi wa ndoa ni zaidi ya ndugu, huwezi kugombana naye hata akitaka. Dochka alipokea oda na kuziingiza katika orodha, Veva akapanga karatasi. Jumamosi Veva alikuwa darasani kwangu na Dochka alibaki dukani peke yake.

Lachezar alifuga nyuki. Ilipofika Mei alipakia mizinga sitini kwenye trela na kuipeleka kaskazini, kwenye mashamba ya karibu na Oryahovo juu ya Mto Danubi, na hakurudi mpaka alizeti zimalize kutoa maua. Veva hakuwahi kumfuata. Mwiba mmoja wa nyuki humvimbisha koo mpaka ashindwe kupumua. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa na mume wa majira ya baridi, kama alivyosema mwenyewe akicheka, na kila mwisho wa Agosti alikaa dirishani akisikiliza trela ikipanda mlima.

Mwaka juzi trela haikurudi. Julai mwanamke mmoja alimpigia simu, akajitambulisha kuwa jirani wa pale shambani, akamwambia kwamba Lachezar ameanguka kati ya mizinga na moyo wake umesimama. Alilia kwenye simu kuliko Veva. Veva aliona huo ni wema mkubwa kutoka kwa mtu asiyemjua. Baada ya mazishi alifunga mitungi miwili ya jamu ya jozi mbichi, ile ambayo humchukua siku tatu kuipika, akampa Dochka amtumie yule jirani kwa basi.

Siku aliyorudi kazini Dochka alimkumbatia, akamkalisha, akampa kahawa.

"Nina kazi ndogo kwa ajili yako, shoga yangu. Itakutoa mawazo."

"Nipe. Nyumbani nahesabu vigae tu."

"Watu wanaagiza mara mbili. Leo anakuja dada, kesho shemeji, marehemu yule yule. Iambie hiyo mashine yako, ikikuta jina limeshapita na tarehe ya kufa ni ile ile, basi la pili iliruke. Karatasi zinaharibika bure."

Jumamosi Veva aliniuliza namna ya kuunganisha masharti mawili, jina *na* tarehe. Nilimwonyesha. Nakumbuka nilifurahi kwamba mwanafunzi wangu, katika wiki yake ya tatu ya ujane, alikuwa ameuliza swali zuri kuliko wote. Aliandika mstari ule kwa vidole vyake mwenyewe, nami nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikisema, "Vizuri sana, mama."

Miezi ikapita. Arobaini ya Lachezar ilitoka sawasawa, miezi mitatu, sita na tisa pia. Yote hayo Veva aliyachapisha kwa maneno ya duka, yale ambayo kila mteja huyachagua kutoka katika bango lililoko ukutani. Kwa ajili ya mwaka hakutaka maneno ya ukutani. Mwana wao Iliya yuko Uhispania, kaburi limeshajengwa, nguo zimeshagawiwa, na tangazo la mwaka lilikuwa jambo la mwisho alilobakiwa nalo kumfanyia mumewe. Alibeba maneno yake katika mfuko wa aproni, akiyafuta na kuyaandika upya. Darasani alinisomea mara moja: "Mwaka mmoja sisikii trela." Akaniuliza, "Ni fupi mno?" Nilimwambia asiongeze hata neno.

Kisha mwishoni mwa Juni akaja Bibi Vutova.

Alikuwa amezika watu wawili kwa siku moja, mumewe na mjukuu wake, waliokuwa katika gari moja. Mjukuu alipewa jina la babu, kama ilivyo kawaida, na kwa kuwa baba yake naye alikuwa Mladen kama baba wa mzee, wote wawili waliitwa Petko Mladenov Vutov. Siku ya arobaini ilipofika, dukani palikuwa na bahasha moja tu.

"Huyu ni mzee wangu," bibi alisema akiigeuza picha. "Mtoto yuko wapi?"

Veva alitafuta mezani. Alitafuta kwenye printa.

"Nakuuliza, mwanangu. Mtoto mmempeleka wapi? Miaka ishirini na miwili alikuwa nayo! Hata hapa naye hana nafasi?"

Veva alitengeneza karatasi za kijana akiwa amesimama, akambusu bibi mkono, naye bibi akauondoa haraka. Jumamosi hiyo aliingia darasani kabla yangu.

"Skripti yangu imemmeza mtoto wa watu," alisema. "Na sababu naijua. Ni ule mstari wa kuruka."

Tuliuangalia pamoja, nami nikaliona kosa langu. Tulikuwa tumeiambia kompyuta iruke, lakini hatukuiambia iseme kwamba imeruka. Nilimweleza kwamba kitu kinachorukwa kimyakimya ni kama hakikuwahi kuwapo, na kwamba njia iliyo salama ni kuongeza agizo moja: kama jina na tarehe vimeshapita, andika jina hilo kwenye skrini, na mwenye macho aamue.

"Kwa hiyo itanitajia wote iliowahi kuwaruka?"

"Kila asubuhi, itakapopita orodha."

"Mungu wangu. Sijui ni wangapi."

Walikuwa wawili. Jumatatu saa mbili aliwasha kompyuta, na kwenye skrini ikatokea mistari miwili:

*Nimeruka: Petko Mladenov Vutov*
*Nimeruka: Lachezar Iliev Tsankov*

Aliniambia kwamba mwanzoni alicheka. Alidhani ni yeye mwenyewe aliyejiandikisha mara mbili katika siku zile ambazo hakujua hata amevaa viatu gani. Alifungua orodha, akashuka mpaka kwenye mstari wa pili wa jina la mumewe, akafungua picha.

Lachezar alikuwa amevaa kofia ya nyasi na anacheka. Kinywa kilikuwa wazi kabisa, na pengo la jino la upande wa kushoto linaonekana. Nyumbani hakuwahi kucheka mbele ya kamera kwa sababu ya pengo hilo. Hata siku ya harusi alifunga midomo. Picha ambayo Veva alikuwa ameitumia mwaka mzima ilikuwa ya kitambulisho, yenye tai.

Chini yake palikuwa na maneno: *Bila kicheko chako nyumba imetulia mno.* Na chini zaidi, mahali pa wafiwa: *Sevda, na binti yako Iliyana.*

Baba yake Lachezar aliitwa Iliya. Mwana wa Veva ni Iliya.

Dochka aliingia saa tatu akiwa na banitsa, andazi la jibini la moto, katika karatasi, akisema muuza maua amemkasirisha tena. Hakumaliza sentensi. Skrini ilikuwa imegeuzwa kuelekea mlangoni.

"Veva."

"Soma."

"Veva, nisikilize..."

"Soma mistari hiyo miwili, Dochka. Huwezi? Basi nitakusomea mimi."

"Nilitaka kukukinga! Ungefanya nini wakati ule? Ulikuwa umeacha kula. Amepiga simu huyo mwanamke, anataka matangazo, anasema kijijini kwao wote wanamjua Lachezar. Nimkatalie? Aje hapa mwenyewe akukute mezani?"

"Ulijua lini?"

Dochka aliiweka banitsa juu ya printa. "Siku alipokufa. Huyo mwanamke alikupigia wewe kwanza, kisha akapiga hapa dukani kuuliza nani atamzika."

"Nani alinipigia? Alinipigia jirani."

Hapo Veva akaelewa mitungi yake miwili ya jamu ilikwenda kwa nani.

"Nilikuwa nachapisha Jumamosi," Dochka alisema polepole. "Ukiwa darasani. Kila oda lazima iingie orodhani, unajua mwenyewe watu wa kodi walivyo, nisingeweza kuificha. Nikaogopa mashine yako itaitoa siku ya arobaini mbele ya macho yako."

"Kwa hiyo ukaniambia niiambie iruke."

"Kwa ajili yako, shoga."

"Usiniite shoga. Lachezar alinidanganya, sawa, alikuwa na miguu, na trela, na barabara. Wewe ulinifanya nijidanganye mwenyewe kwa vidole vyangu. Nikaja nikakushukuru! Nilikwambia, 'Dochka, umenipa kazi, umeniokoa.' Ulinijibu nini? Unakumbuka?"

Veva aliigeuza skrini irudi upande wake.

"Ulisema, 'Ndiyo maana ya msimamizi.'"

Dochka alichukua mkoba akaenda nyumbani kwake, na kwa siku mbili hakuonekana. Veva aliliendesha duka peke yake. Alinipitia jioni ya kwanza, akakaa mlangoni bila kuvua kitambaa cha kichwa, akanieleza yote kwa mpangilio kama mtu anayesoma oda. Nilimwomba radhi kwa kumfundisha ule mstari. Alinitazama kwa mshangao. "Wewe ulinifundisha kuruka," alisema, "lakini pia ulinifundisha kuuliza nani karukwa. Yeye alijua cha kwanza tu."

Siku ya pili simu ya duka ililia.

"Haloo, Bi Dochka?"

"Hayupo. Sema tu, dada."

"Ni ile oda ya mwaka. Ya Lachezar Tsankov. Nilitaka kuhakikisha tu kama itakuwa tayari."

Sauti aliitambua. Ni ile iliyolia kwenye simu.

"Naiona hapa," Veva alisema. "Picha ni ya kofia?"

"Ya kofia, ndiyo. Binti yetu ndiye aliyeipiga. Mtie na mwaka wa kuzaliwa, mara iliyopita ulisahaulika."

"Nimeutia. Nakala ngapi?"

"Thelathini. Na... samahani, sijui kama Bi Dochka alikueleza. Zije zote huku kwa basi. Huko mjini isibandikwe hata moja. Kuna mtu sitaki azione."

"Mtu gani?"



"Mama mmoja. Hana kosa lolote. Aliwahi kunitumia jamu."

Veva aliikaza simu sikioni. "Ilikuwa nzuri?"

"Sikuweza kuila," alisema Sevda. "Binti yangu aliimaliza, hajui imetoka wapi."

"Zitafika kwa basi la saa nne," Veva alisema, akakata.

Kabla ya kufunga duka alifungua skripti. Aliufuta mstari wa kuruka, wote, pamoja na ule wa kutangaza tuliouongeza, mzunguko ukabaki kama ulivyokuwa katika daftari lake la kwanza. Siku ya mwaka, saa mbili, printa ilitoa Lachezar wawili mmoja baada ya mwingine, wa tai na wa kofia. Zile thelathini alizifunga kwa kamba na kuzipeleka mwenyewe kwa dereva, basi likiwa limechelewa kama kawaida. Katika zile zake alikuwa ameyafuta maneno ya trela. Palibaki jina, tarehe mbili, na wafiwa: *Genoveva, na mwana Iliya.* Mlangoni kwake alibandika moja, na jirani wa ghorofa ya chini akamuuliza kama duka limeishiwa maneno. "Limeishiwa," alimjibu.

Makaburini mchana tulikuwa watu kama kumi na watano. Kasisi alisoma, akamwaga divai juu ya udongo, kisha Veva akafunua bakuli la ngano yenye sukari na jozi, akaanza kugawa. Alianza na kasisi. Akaja kwangu, akatia kijiko kiganjani mwangu, akasema, "Mungu amsamehe," nami nikajibu hivyo hivyo. Akaenda kwa anayefuata.

Dochka alikuwa wa saba. Alikuwa amekuja bila kualikwa, kwa kuwa kwenye kumbukumbu ya mwaka hakuna anayealikwa, na alisimama amefunga kitambaa cheusi, kiganja wazi na leso ya karatasi juu yake. Macho yalikuwa mekundu. Veva alifika mbele yake na bakuli, akasimama. Tulidhani atalia, au atampa tu ili yapite.

"Wewe nimekuruka, Dochka," alisema kwa sauti ambayo hata kasisi aliisikia. "Nakwambia mbele ya watu, usije ukasema hukujua."

Kisha akapiga hatua moja kulia, akamtilia Mzee Gancho kijiko kilichojaa. Mzee yule alikitazama kiganja chake. Kiganja cha Dochka kilibaki wazi pembeni yake, na upepo ukaichukua leso.